Trela Mpya na Chupa ya Mama

Leo trela yetu ilitaka kutuzika, bana.

Tulikuwa tunashuka mteremko wa Kapsokwony na ile trela mpya ya kupiga kambi. Nakanyaga breki, gari linashika, trela inakataa. Inatusukuma tu kutoka nyuma!

Na mbele, ng'ombe amesimama katikati ya barabara, anatafuna.

Nikarudisha gia. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mke wangu Nekesa akamwita Yesu kwa sauti.

Tukasimama. Ng'ombe akanusa boneti.

Fundi wa hapo akafungua magurudumu ya trela.

"Breki zimelowa mafuta. Nani amemwaga?"

Nekesa akainama, akanusa. "Si haya ni ya kanisa?"

Nikakumbuka. Jumapili mamangu alitoka Bungoma akaja kwetu Kitale kuibariki trela. Alimimina mafuta ya upako kwa kila gurudumu, mbele na nyuma, hadi chupa ikaisha. Na sisi tukasema amina!

Nikampigia simu nikiwa moto.

"Mama, mafuta yako yameharibu breki! Tungekufa!"

"Kwani mlikufa?"

Nikatazama ule mteremko, nikatazama ng'ombe.

Wewe ungemwambia nini?