Wembe wa Mzee Jilala na Leza ya Maktaba

Mzee Jilala hakuwa mtu wa kupendeka, na afadhali tuliseme hilo mapema. Alikuwa na mdomo mchafu, alimfokea mteja kabla hajakaa, na akikununia, basi amekununia mpaka mmoja wenu azikwe. Lakini kazi ya mkono wake iliheshimika. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye baraza ya ofisi ya kata ya Bunele, barabara ya kwenda Kharumwa, akichonga mihuri kwa wembe: ya shule, ya parokia, ya msikiti, ya vyama vya pamba, ya wenye maduara, mashimo ya kuchimba dhahabu. Kila herufi aliichonga kinyume juu ya mpira, ili ikigongwa kwenye karatasi isomeke sawa.

Kisha wakaibwa ng'ombe kumi na mmoja wa Mama Limi, mjane wa ng'ambo ya mto. Walipita mnadani mchana kweupe, kwa sababu wezi walikuwa na kibali cha kusafirisha mifugo chenye muhuri wa mtendaji wa kata. Mtendaji mwenyewe, Bwana Magesa, aliapa kwamba hakukigonga kibali hicho. Basi muhuri ulikuwa wa kughushi. Na Bunele nzima, nani anajua kuchonga muhuri?

Hakuna aliyejisumbua kumuuliza. Magesa alimfukuza barazani mbele za watu, akamwambia Jumatatu atamkabidhi polisi. Watoto waliacha kumwamkia. Asubuhi moja alipokutana na Mama Limi kisimani akamwambia "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma, yule mama alitema mate chini na kuinua ndoo yake. Jilala alikuwa amezoea kuwanyima watu salamu. Kunyimwa yeye kulimuuma vibaya sana.

Ijumaa alimfuata Magesa ofisini, akakitaka kile kibali. Akakitazama kwa kioo chake cha kukuzia, mstari kwa mstari, kisha akacheka kicheko kibaya.

"Mtendaji, muhuri huu haujaguswa na mkono wa mtu. Umekatwa na ile mashine ya maktaba. Mwite Mama Limi, twende nikuonyeshe."

"Na usiponionyesha?"

"Hutangoja Jumatatu. Nipeleke leo."

Maktaba ya jamii ilikuwa na chumba cha ufundi cha watu wote, na humo mna leza, mashine inayokata mbao, ngozi na mpira kwa mwanga. Jilala hakuwahi kuingia. Tangu iletwe, alikuwa akipita njia hiyo uso ameugeuzia upande wa pili. Msimamizi wake, Shamimu, binti wa mjini Shinyanga, alimpokea kwa baridi ileile.

"Shikamoo mzee. Muhuri wa serikali haukatwi humu. Sheria hiyo hapo ukutani."

"Marahaba. Mmeibandika lini?"

"Wiki iliyopita."

"Ng'ombe wameshakwenda."

Shamimu akamgeukia Magesa kuomba msaada, lakini Magesa, aliyesimama na Mama Limi, alikuwa amekunja mikono. "Kata," akasema. "Nipo hapa, nitauchana mwenyewe. Nataka huyu mzee aishiwe maneno."

Shamimu akaandika kwenye kompyuta: AFISA MTENDAJI, KATA YA BUNELE. Jilala alisimama nyuma yake, akimpumulia shingoni.

"Geuza maandishi," akaamuru.

"Mashine inageuza yenyewe, mzee."

"Mimi nimechonga mihuri kabla mama yako hajaolewa. Geuza, nimesema!"

Binti aliuma midomo. Akageuza, makusudi kabisa, akafunika mfuniko, akawasha. Mwanga mdogo ukaanza kwenda na kurudi juu ya mpira, moshi ukanyonywa na bomba, chumba kikanuka tairi linaloungua. Dakika kumi na mbili. Jilala akaunyakua muhuri ule, akaupaka wino, akaugonga kwenye karatasi.

Maandishi yakatoka kinyume. Binti aliyageuza, na mashine nayo ikayageuza, yakarudi yalikotoka. Waliokuwa wakisoma vitabu chumba cha pili walikuja mlangoni, wakaangua kicheko. Shamimu hakucheka, alimtazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Tumemaliza?" Magesa akauliza. "Twende kituoni."

Jilala aliuweka muhuri ule mezani. Kwa miaka thelathini na moja hakuwa amemwomba mtu kitu.

"Binti," akasema, sauti imeshuka, "nimekosea. Nisaidie mara moja tu. Ufanye unavyojua wewe."

Safari hii muhuri ulisomeka. Jilala akapanga karatasi tatu mezani: yenye muhuri huo uliotoka sasa, kile kibali cha wizi, na barua ya zamani yenye muhuri alioichongea ofisi mwenyewe. Akampa Mama Limi kioo, si Magesa.

"Zitazame A. Zipo sita kila mahali. Kwenye kazi yangu, hii ina mguu mfupi, hii imeinama, hii tumbo limejaa. Mkono hauwezi kurudia. Sasa tazama kwenye kibali."

Mama Limi alitazama muda mrefu. Akahamia kwenye muhuri mpya, akarudi kwenye kibali.

"Zote moja," akasema. "Zote sita. Na huku pia."

Kicheko cha mlangoni kilikatika. Shamimu, uso umempauka, alifungua daftari la wageni, akakuta jina la bwana mmoja aliyeandika kwamba anakata nembo ya timu ya mpira, siku tatu kabla ya ule mnada. Magesa alinakili jina hilo na namba ya simu. Kisha akaichana mihuri yote miwili ya majaribio kwa mkasi.

"Haya mzee, yameisha," akasema, bila kumtazama. Hata samahani hakuitoa. Akamgeukia Shamimu. "Hivi, dakika kumi na mbili tu? Huu wa ofisini umechakaa. Nikikuletea barua ya ruhusa sasa hivi, unaweza kunikatia nikisubiri?"

Mwalimu mmoja aliyekuwa mlangoni akadakia kwamba hata wa shule umekwisha. Mwingine akauliza kama mashine inaweza kuweka picha ya ng'ombe katikati.

Jilala alikusanya karatasi zake. Wembe ulikuwa mfukoni, umeviringishwa kwenye kitambaa. Alikuwa amekuja kuwaonyesha kwamba ile mashine inaweza, na wote walikuwa wameona.

Mama Limi akamsogelea, akapiga goti kidogo kama wanawake wa kwao. "Mwangaluka, Mzee Jilala."

"Mwangaluka," akaitikia. Alikuwa ameingojea salamu hiyo siku tatu. Nyuma yake Shamimu alikuwa ameshaweka kipande kingine cha mpira.