Vita vya Diwani na Karani

Fimbo iligonga sakafu mara tatu, na Scolastica akajua Diwani ameanza tena. Akaacha ungo wa mchele, akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda sebuleni kwa mwendo wa mtu anayeitwa mara ya sita asubuhi moja.

Diwani hakuwa mtu. Alikuwa samaki wa bluu mwenye mistari myeusi, urefu wake haufiki kidole, na alikuwa amejitangazia kwamba upande wote wa kushoto wa tangi ni wake. Mwenzake wa njano, Karani, alikuwa amebanwa kona ya juu karibu na mpira wa kuingizia hewa, mkia umechanikachanika. Majina hayo waliyapata kwa mume wa Scolastica, mzee Damiani mwenyewe, enzi zile bado anaongea. Alipostaafu kazi ya reli Mang'ula alirudi Ifakara na wazo moja tu kichwani, kufuga samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa. Mkewe, binti wa mvuvi wa Kindamba aliyekulia kambi za mtoni, alicheka mpaka akakaa chini. Samaki wa kutazama! Kwao, samaki akitazamwa sana ujue kuni zimekataa kuwaka.

Kisha kikaja kiharusi. Upande wa kulia ukafa, maneno yakakatika. Sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu augue, mzee anakaa kitini mbele ya tangi, fimbo mkono wa kushoto, na kila Diwani akimrukia Karani, yeye hugonga. Scolastica hukimbia. Alishakimbia kutoka jikoni, kutoka bafuni, na siku moja kutoka katikati ya rozari. Akifika huchukua mpini wa fagio, huinama juu ya kioo, huwaachanisha, hurudi zake. Hakuwa anataka makubwa huyu mama. Alitaka saa moja, akae na chai yake iishe ikiwa ya moto, bila mtu kumwita. Aliitaka saa hiyo kuliko hata pepo, Mungu amsamehe.

Kwa hiyo amani ya tangi ikawa ndiyo dawa yake, naye akaitafuta kweli. Kwanza alidhani ni njaa, maana hata watu wenye njaa hawaelewani. Akawamwagia chakula mara tatu kwa siku. Walishiba, maji yakachafuka, na Diwani akapata nguvu ya kupiga zaidi. Halafu akamfunga Diwani kwenye ndoo siku tatu. Siku hizo tatu Karani akasahau mateso yote, akahamia kwenye pango la Diwani chini ya jiwe kubwa, akawa anawafukuza samaki wengine wawili wadogo waliokuwa humo tangini kama vile kachaguliwa yeye. Diwani aliporudishwa hakuuliza njia. Alikwenda moja kwa moja pangoni kwake, na vita vikawa vibaya kuliko mwanzo.

"Wifi, hao dawa yao mafuta na chumvi," alisema Wilhelmina, dada yake Damiani, alipopita siku moja akitokea Lumemo. "Unajiua bure kwa samaki wasiojaza hata kiganja."

"Kaka yako akisikia?"

"Si hasemi."

"Hasemi, wifi, ila anasikia. Na anagonga."

Wilhelmina akaona aibu kidogo, akamwangalia kaka yake, akaaga. Wote huaga.

Jumamosi ile, mchele ukiwa bado kwenye ungo, Scolastica alisimama mbele ya kioo na mpini wa fagio mkononi, akamkumbuka baba yake. Kambini kwao, wakati wa mafuriko, wanaume wawili waligombania mkondo wa kutegea migono, ile mitego ya samaki ya kusuka, mpaka wakashikiana mapanga. Baba yake hakuuliza nani alitangulia kufika. Aliamuru kambi nzima, wenye kosa na wasio na kosa, watoe migono yote majini, na usiku huo mto ukalala mtupu. Asubuhi wakapiga kura kwa vijiti, kila mtu akaanza upya mahali asipopazoea. "Mto hauna mwenyewe," mzee alisema. "Mwenyewe ni mazoea."

"Baba Evod," alimwambia mumewe, "nayavunja mawe yako. Nivumilie."

Mawe hayo Damiani aliyaleta mwenyewe kwa baiskeli kutoka mto Lumemo, na kuyapanga kulimla wiki nzima. Scolastica hakutazama nyuma aone uso wake. Aliwahamishia samaki kwenye beseni, akatoa mawe moja moja, maji yakimtiririka mpaka kwapani. Pale palipokuwa na pango akapaacha wazi. Akajenga ukuta katikati, wenye matundu mengi, ili wa upande huu asimwone wa upande ule. Akawatia wadogo kwanza, akafuata Karani, na Diwani akaingia wa mwisho.

Diwani alizunguka. Akaenda kushoto, akakuta mchanga mtupu. Akaenda kulia, akakuta mwenzake keshaingia tundu lake. Mwishowe akachukua kijitundu cha chini, akatulia humo kama mpangaji. Scolastica akasubiri na mpini wake. Hakuna aliyemgusa mwingine.

Alasiri nyumba ilinyamaza. Alipika chai, akakoroga sukari, akaketi kwenye kigoda jikoni na kuvua ndala. Alikunywa funda la kwanza akafumba macho. Kabla ya la pili, fimbo ikagonga.

Aliingia sebuleni peku. Samaki walikuwa wametulia, kila mmoja kwake.

"Nini sasa? Wametulia hao, si unawaona? Mimi unanitakia nini, Baba Evod?" Alipiga kelele, na hakujuta.

Mzee hakulitazama tangi. Alikuwa anamtazama yeye. Alinyoosha fimbo mpaka kwenye kiti cha pili, kile kilichokuwa kimejaa nguo zilizoanuliwa tangu alipougua, akazisukuma. Shuka zikaanguka, mashati yakaanguka. Hakuacha mpaka kiti kikabaki kitupu.

Scolastica akafikiria mara zote alizokuja mbio. Kila mara aliinama juu ya kioo. Hata siku moja hakugeuka kuona macho ya mumewe yako wapi. Miezi minane alikuwa anaitwa akae, na yeye alikuwa anakuja kuamua ugomvi. Akajisikia vibaya, na akajisikia kuchoka kuliko siku zote.

Alirudi jikoni, akatoka na kikombe chake na kingine. Akaketi. Miguu ilimuuma kwa kupumzika kuliko ilivyomuuma kwa kukimbia. Akamshikia mumewe kikombe mdomoni, akamsubiri ameze, akampangusa kidevu, akamsubiri tena.