Vifuniko Vinne vya Fundi Rudi Kesho

Saa tatu asubuhi fundi amechuchumaa mbele ya gari la kupanda milima, na tayari ameudhika. Gari liko juu ya jeki. Rimu zake za chuma zimeegemezwa ukutani, na mpya za aloi zinang'aa sakafuni zikisubiri zamu. Kilichomuudhi ni nati.

Mwenye gari ameleta rimu bila nati zake, anataka zifungwe kwa zile za zamani. Fundi anamwekea mbili kiganjani. Ya rimu za chuma imechongoka upande wa ndani. Ya rimu za aloi ni bapa na ina washa, kile kipete cha chini yake. Ukizichanganya, zinakaza vizuri mbele ya macho yako, kisha zinalegea njiani. Mwenye gari anajibu kwamba nati ni nati.

"Nati ni nati," fundi anarudia, akimtazama mwandishi wa makala haya kana kwamba ndiye aliyesema.

Ana miaka hamsini na miwili, na mtaani wanamwita Rudi Kesho. Wageni hudhani ni wale mafundi wa njoo kesho, njoo keshokutwa. Wapi! Gari lako analimaliza leo leo. Anachotaka ni urudi baada ya kilomita mia moja akaze tena, kwa sababu rimu mpya hutulia polepole na nati hulegea. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Ndiyo maana huzuia vifuniko, vile vya katikati ya rimu vyenye nembo. Bila vifuniko hivyo gari linabaki na mapengo manne, na wapenda rimu hawavumilii. Vifuniko huingia kwenye boksi la viatu, mezani kwa dada yake mkubwa anayeandika namba za simu. Mwezi uliopita alifunga magari ishirini na matatu. Walirudi kumi na tisa, na wote neno lao la kwanza lilikuwa vifuniko.

Mwenye gari anakuja juu. Kesho anawapeleka watoto kwa bibi yao, njia ya mawe matupu, na anataka gari likamilike. Fundi anamwonyesha kwa kidevu mkongojo ulioegemea meza ya dada.

"Gurudumu lililochomoka nililifunga mimi," anasema. "Dada alikuwa abiria. Mwenye gari lile nilimwambia arudi. Nilimwambia kwa mdomo tu."

Dada anamkemea mdogo wake asiwachoshe watu kwa mguu wake. Kisha anamgeukia mteja: alizungushe gari mchana huu zitimie kilomita mia, arudi jioni. Nati sahihi zinanunuliwa duka la jirani, rimu zinafungwa, na mteja anaondoka bila kuaga.

Saa kumi na moja amerudi, amenuna. Amefuata vifuniko vyake.

Fundi anachukua spana ya kipimo, ile inayolia nati ikikaza sawasawa. Magurudumu matatu, inalia papo hapo. La nne, la nyuma, nati inazunguka karibu nusu duru kabla ya kulia. Ya pili yake vilevile. Mwenye gari anatazama kiti cha nyuma, juu ya gurudumu lile.

Fundi anamnyooshea vifuniko vyake.

"Kaa navyo, fundi," anasema. "Tukitoka kwa bibi yao nitarudi uzikaze tena."

Gari linaondoka na mapengo yake manne. Fundi amebaki na vifuniko mkononi, amekasirika upya.

"Mimi nataka hili boksi liwe tupu," anamlalamikia dada yake. "Siku moja tuweke viatu."

Dada anavipokea, anaandika namba ya simu.