Namba ya Shingoni

Waliikata shingoni. Nilisimama hatua kumi hivi kutoka pale, nimeshika mfuko wa plastiki wenye karatasi zangu zote, na askari wa geti alikuwa amenishika mkono, si kwa ukali, kama mtu anavyomshika mfiwa asije akaangukia kaburi. Mtu wa mashine ya gesi alivaa miwani nyeusi, akainama. Moto wa bluu ukagusa rangi. Rangi ikafura mapovu kama uji, pati ya kuzibia mashimo iliyokuwa chini yake ikapasuka, ikadondoka vipande vipande, na pale kwenye chuma kitupu nikaona namba.

Ilikuwepo. Wiki tisa watu wananiambia haipo, na mimi mwenyewe naamini haipo, kumbe ilikuwa imelala chini ya pati isiyozidi unene wa ukucha. Nikaisoma kwa sauti, zile tatu za mwisho: saba, saba, moja. Nikapaza sauti nikazisoma tena. Mtu wa gesi hakusikia, mashine ilikuwa inanguruma. Chuma kikawa chekundu, kikawa cheupe, namba ikayeyuka nikiitazama, na pikipiki ya mama yangu ikagawanyika vipande viwili.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wanapita nje ya uzio na chapati zao mkononi.

Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo anayetafuta maneno mazuri asiyatafute hapa. Kiswahili hiki ni cha laini, zile nyumba za askari kule Naguru nilikolelewa. Baba na mama walitoka kaskazini, majirani walitoka kila upande wa nchi, na lugha ya kugombania bomba la maji ilikuwa hii. Majina ya wahusika ninayo yote. Hapa nawataja kwa kazi zao tu, wenyewe watajijua.

Baba alikuwa askari wa kupeleka barua kwa pikipiki. Pikipiki ya Kiingereza, silinda moja, tangi la duara, na sauti yake ilikuwa ya kudunda kama moyo, du, du, du, hata ikiwa chini ya mlima sisi watoto tulijua baba anakuja. Siku za ukaguzi aliamka mapema akaisugua kwa majivu na kitambaa, mpaka shingoni, mpaka chini ya tangi ambako hakuna anayetazama. Afande mkubwa alikuwa anapita na glavu nyeupe, anapitisha kidole. Kidole kikitoka na uchafu, baba anaadhibiwa. Kikitoka kisafi, Jumapili anaruhusiwa kumpakia mama nyuma ampeleke kanisani. Mama alikaa upande, miguu pamoja, gomesi, lile gauni refu la heshima, ameibana vizuri isiingie kwenye spoku, na wanawake wengine wa laini walimwita bibi wa gavana.

Baba alipofariki, pikipiki ilirudi kwa serikali, na nyumba pia. Tukateremka Bwaise na magodoro yetu. Tangu hapo nimenusurika mafuriko mara nne, nimenusurika lori lililonivunja paja nikiwa mlinzi wa duka, nimenusurika na ubahili wa mwenye duka. Mama naye amenusurika, lakini macho yamekwisha. Anaona mwanga na kivuli. Masikio ndiyo yaliyobaki.

Mwaka juzi nilipata kibarua cha kuchimba choo Mbuya, nyumbani kwa mjane wa mwanajeshi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la kuku, na ndani ya banda, kuku wamelala juu yake, mmoja ametaga kwenye kiti, nikaona tangi la duara. Niliacha chepeo. Mjane akaniuliza kama nimeona nyoka.

Haikuwa ileile ya baba. Ilikuwa ndugu yake, tumbo moja. Marehemu mumewe aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akaiendesha mpaka injini ikafa, kisha naye akafa. Nilimwomba mama yule aniuzie. Akanitazama mguu wangu unaochechemea, akatazama banda.

"Ichukue, mwanangu," alisema. "Hata kuku wameichoka."

Aliniuzia kwa bei ya mbuzi wawili, na choo nikamalizia bure. Tulifanya kama inavyotakiwa. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaandikiana, akapiga muhuri. Kabla ya kuandika, mwenyekiti alitaka kuona kama namba ya kadi ya usajili inafanana na ya kwenye chuma. Mjane akatema mate kwenye kidole, akafuta kinyesi cha kuku pale shingoni, panapoingia usukani, na sisi watatu tukaisoma namba pamoja kama watoto wa shule. Mwisho wake saba, saba, moja. Naomba neno hilo likumbukwe. Watu watatu tuliisoma.

Nikaipakia kwenye pikapu ya matoke nikaileta Bwaise. Injini niliipeleka kwa fundi mzee mwenye kibanda kando ya mtaro. Huyo simlaumu. Ringi za pistoni alizitoa kwenye pampu ya maji, akazisaga kwa mkono siku tatu mpaka zikakaa. Waya wa klachi ulikuwa wa baiskeli. Mvua ikija, mtaro unafurika, na desturi pale ni kila fundi kunyanyua kazi yake kabla hajanyanyua watoto wake. Injini yangu ilikaa mezani juu ya matairi manne, na mwili wa pikipiki ukaning'inia kwenye boriti kama nyama buchani. Ikachukua miezi minane. Madereva wa boda wakipita walikuwa wananiuliza kama nafungua kiwanda cha kusaga mahindi.

Injini ilipokubali, likabaki suala la mwili. Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu na tindikali ya kuku. Hapo ndipo nilipokwenda kwa fundi wa pili, mnyoosha bodi, anayefanya kazi ya pati na rangi ng'ambo ya barabara. Na hapo ndipo na mimi naingia kwenye orodha ya lawama, sijifichi. Nilimwambia: kuanzia shingoni mpaka mkiani, sitaki kuona kovu hata moja. Nilimweleza habari za glavu nyeupe. Nilimwambia afande akipita hapa asipate pa kuweka kidole. Mtu wa akili angesema, fundi, mahali pa namba usipaguse. Mimi nilikuwa nafikiria baba.

Wiki mbili baadaye akaniita. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, unaweza kunyolea ndevu.

"Mzee, pitisha mkono," akasema. "Pitisha popote. Iko kama yai."

Nikapitisha. Nilipitisha mpaka shingoni, nikahisi ulaini, na nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi hasa pale shingoni.

Ijumaa niliiwasha, kiki ya tatu ikashika, nikaipeleka nyumbani taratibu. Mama alikuwa ndani anachambua mchele kwa vidole. Nilisikia sinia likianguka. Akatoka ameshika ukuta, hana viatu, akasimama mlangoni, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama kuku anayesikiliza. Sikuzima. Akaja, akaweka kiganja kwenye tangi, akakiacha pale kinatetemeka.

"Si ile," akasema.

"Si ile, mama."

"Lakini ni yeye."

Majirani walicheka, naye akacheka, akamwambia mmoja wao alete maji gomesi ya buluu ifuliwe, kwa sababu Jumapili anakwenda kanisani Naguru, na haendi kwa miguu. Akanionya nisiendeshe kama hawa wa boda. Akauliza kama kiti cha nyuma kina pa kushika. Nilimwambia kipo. Gomesi ikafuliwa, ikaanikwa, jioni ikapigwa pasi ya mkaa.

Jumamosi nilikwenda kutafuta mafuta ya injini. Njiani kulikuwa na askari wa barabarani wanasimamisha pikipiki zote. Huyo aliyenisimamisha alikuwa kijana mpole, hata alinisifu. Aliomba kadi, nikampa. Akainama shingoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akapitisha kidole. Nakuambia, alipitisha kidole vilevile kama afande wa zamani, na kidole kikatoka kisafi kabisa.

"Mzee, namba iko wapi?"

Nilianza kucheka kwanza. Nikainama mwenyewe, nikapapasa, ulaini mtupu. Nikamwonyesha namba ya injini, ikalingana na kadi. Akaniambia injini huhama kama mpangaji, chesisi ndiyo nyumba, na nyumba isiyo na namba ni ya wizi mpaka ithibitishwe. Huyo naye simlaumu. Alifanya kazi yake. Pikipiki ikapelekwa kwenye uwanja wa kituo, ikafungwa kikaratasi cha kesi kwenye usukani, ikaegemezwa kwenye gari lililopinduka.

Jumapili mama alivaa gomesi akakaa kwenye kiti nje. Nilimwambia kuna karatasi inasubiriwa.

Tangu hapo nikawa mtu wa uwanja ule. Kituoni nikapokelewa na sajini wa stoo, mtu mnene anayependa kuchokonoa meno kwa kijiti cha kiberiti. Alitaka barua ya mwenyekiti, nikaleta. Alitaka muuzaji, na mjane wa Mbuya alikuja kweli, mzee yule, amepanda boda mbili, ameleta na picha ya marehemu amekaa juu ya pikipiki ile. Akaeleza habari ya mate na kidole. Sajini aliandika, akachukua na picha, akaitia kwenye faili. Kisha akataka fundi aliyegusa chuma aje aseme alifanya nini.

Nikamwendea mnyoosha bodi. Alikuwa na wateja wawili mbele yake, na mimi nikamuuliza mbele yao kama alisaga namba yangu au aliifunika tu. Neno moja, nilifunika, lingeokoa kila kitu, maana namba ingekuwa bado iko chini ya pati. Kufunika ni kazi ya kivivu, fundi anaona mashimo anajaza pati basi. Kusaga ndiyo kazi ya fundi. Akawatazama wateja wake.

"Mimi sifuniki, mzee," akasema. "Nilisaga mpaka chuma ikalala."

Nikaamini. Nilimwomba aje kituoni aseme hivyo, akasema atakuja kesho. Kesho yake kibanda kilikuwa na kufuli, wakaniambia amekwenda kwao, mgonjwa.

Pamoja na kuamini, kuna siku roho ilinituma. Nilinunua kipande cha msasa, nikakitia mfukoni, nikamwomba sajini aniruhusu kusugua pale shingoni, yeye akiwa amesimama hapohapo anatazama. Pengine, nilisema, alama imebaki kidogo. Dakika tano tu, afande. Au asugue yeye.

Alinionea huruma, nafikiri. Alitoa kijiti mdomoni.

"Kielelezo hakiguswi, mzee. Ni sheria."

Nikarudi Jumatatu nyingine, na nyingine. Niliambiwa faili liko juu, faili liko kwa mkubwa, mkubwa yuko semina. Msasa niliendelea kutembea nao mfukoni mpaka ukalainika kama kitambaa. Mimi ni mtu wa kubomoa miamba kwa sururu, lakini pale nilikuwa sina nguvu kuliko mtoto wa paka. Unapiga kelele, unatolewa nje. Unanyamaza, unasahauliwa. Nyumbani mama hakuuliza tena kuhusu karatasi. Aliuliza kitu kimoja kila asubuhi: imewashwa leo? Anasema chombo kama kile kisipowashwa kinanuna.

Asubuhi ya wiki ya tisa nikafika getini nikakuta lori la chuma chakavu limeingia uwanjani. Askari wa geti, aliyekuwa keshanizoea, ndiye aliyenishika mkono kabla sijaelewa. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba kuna orodha imetiwa sahihi, vyote visivyo na mwenyewe viuzwe, vikatwe viingie kwenye lori. Nikamwambia mwenyewe ni mimi. Akasema anajua. Nikatazama ofisini, sajini alikuwa amesimama dirishani na kijiti chake. Hakutoka. Faili langu, lenye barua na muhuri na picha ya mume wa watu, nililiona kwa macho yangu mezani nyuma yake.

Yaliyofuata nimekwisha kuyasema.

Mama sijamwambia. Gomesi bado imetundikwa msumarini, na yeye bado anauliza kama imewashwa, na mimi namwambia bado.

Sitaki pikipiki nyingine, na hela zenu kaeni nazo. Wewe mnyoosha bodi, rudi Bwaise useme mbele ya wateja walewale kwamba ulifunika. Wewe sajini, mjane wa Mbuya anataka picha ya mumewe, mpelekee mwenyewe. Na wewe uliyetia sahihi, ambaye sijawahi kuuona uso wako: mliniambia kielelezo hakiguswi. Nani basi alikigusa, na kwa sheria ipi? Jibu usiniletee mimi. Njoo Bwaise, vuka mtaro, uliza nyumba ya kipofu wa gomesi ya buluu, watakuonyesha. Yuko pale kila asubuhi, amekaa mlangoni, anasikiliza barabara. Mwambie wewe.