Mzizi Niliosema Umetoka Mlimani

Nimeuza supu ya mifupa hapa Kayole miaka mingi kuliko niliyokaa darasani. Darasani nilikaa mitatu tu, mmoja nikiurudia. Supu yangu ina mzizi mchungu, na wateja wakiuliza unatoka wapi, nilikuwa nawaambia, "Mlimani, juu kabisa, kwa ndovu." Mteja wa supu hanywi mifupa tu, anataka na safari.

Basi binti yangu akapata kazi ya maabara, wanakotafuta dawa ya uvimbe mkali wa ubongo, ule uliomchukua mama yake. Mama yake alikuwa akicheka mpaka wapangaji wa juu wanagonga sakafu, lakini nisipotee. Uvimbe ule ukikatwa unarudi. Na dawa nyingi hazifiki, kwa sababu ubongo una ukuta wake. Nikamwambia binti hata soja wa geti letu yuko hivyo, humfungia nje mwenye ploti.

Alikuwa amejaribu mimea chungu nzima, yote ikamwangusha. Nikampa mzizi wangu. Akauliza ulikotoka, nikamjibu kama ninavyowajibu wateja, akaandika: mlimani.

Baada ya wiki kadhaa akanijia saa ya supu, uso umemnawiri. Seli za uvimbe zilikuwa zimekufa kwenye kisahani.

"Usianze kujisifu, Baba, hata sabuni ya kufulia ingeziua. Lakini seli nzuri zimebaki hai. Tunataka mizizi zaidi, ya mti uleule. Jumamosi gari la kazini linatupeleka mlimani, utuonyeshe."

"Mzee wa ndovu," mteja mmoja akasema, "utusalimie hao ndovu."

Nikakoroga supu iliyokwisha kukorogwa. Ningesingizia magoti. Lakini wangeenda bila mimi, wachimbe mti mwingine, na kazi yake yote iharibike. Mama yake hakupenda uongo, ingawa huu wa ndovu ndiye aliyenitungia.

"Hakuna mlima," nikasema. "Ni hapo mtaa wa Tena, nyuma ya choo cha kanisa."

Wateja wakatazama vikombe vyao.

"Upande gani wa choo?" yule mmoja akauliza.

"Wa juu ya mteremko."

"Basi niongeze."

Binti akafungua daftari, akaukata mlima kwa mstari mmoja, akaandika choo. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. "Chukua jembe," akasema. "Twende kabla hawajajenga hapo."

Tulienda kwa miguu. Ule ukuta wa ubongo bado wanautafutia njia, naye kila nikimpelekea mizizi huniuliza mara mbili nimeitoa wapi.