Makofi Mawili ya Kisiki

Hapa kijijini Kwanza kila mtu hulima mahindi, ila jirani yangu hulima kuni. Mikaratusi yake hutumika kupikia githeri ya shule, na kisiki kimoja amekivuna mara nne. Hukikata kwa mshazari ili maji ya mvua yasikae juu yakakiozesha, kisha hukipiga makofi mawili, pa, pa, kama anayemwamsha mtoto: "Amka, mvivu wewe!" Viganja vyake vinakwaruza kama gome. Machipukizi yakitoka, huguna tu: "Si nilikwambia?"

Juzi tulimzika mumewe. Mchungaji alipiga Biblia ngumi akaapa kwamba marehemu atafufuka. Jirani akaniinamia sikioni: "Ati huyu? Kumwamsha tu aende kanisani ilikuwa vita, bana. Visiki vyangu vitamtangulia." Nikajikohoza kuficha kicheko. Lakini kaburi lilipofukiwa na watu wakakimbilia wali, yeye alibaki. Akachuchumaa, akaulaza udongo mshazari kwa kiganja, maji ya mvua yasikae. Akaupiga makofi mawili. "Amka, mvivu wewe."

Kisha akangoja.