Chumvi Chini ya Mizani

Mwenye kosa ni mimi. Si joto, si mashine, na wala si Ofwono. Haya, nimelisema! Sasa sogea karibu nikusimulie, maana nimelificha tangu enzi za serikali ya wanajeshi na limenichosha.

Nilikuwa fundi wa mizani katika kiwanda cha kuchambulia pamba karibu na Tororo. Mizani hiyo haikuwa ya mawe. Ilikuwa jukwaa la chuma juu ya shimo, limesimama kwa miguu minne. Kila mguu ulibandikwa kitambuzi, kipande kidogo chenye waya mwembamba kuliko unywele. Chuma kikilemewa hujikunja kidogo sana, waya nao hujikunja, umeme hubadilika, na sindano huchora kilo kwenye karatasi. Kila asubuhi niliirudisha sindano kwenye sifuri, nikaijaribu kwa vyuma vya kilo hamsini hamsini. Karani Ofwono alisoma na kuandika. Alikuwa jirani yangu, na ndiye aliyenitafutia kazi ile.

Siku zile chumvi ilikuwa haionekani madukani. Mama Nekesa, mfanyabiashara wa Busia upande wa Kenya, aliivusha kwa njia za panya, na mimi nilimpa pa kuificha: shimo la mizani! Alfajiri alileta magunia. Saa saba, watu wakienda kula, alitoa moja kwa mlango wa nyuma, akalifunga kwenye baiskeli kwenda Nagongera. Mlangoni niliandika HATARI UMEME. Askari hawakuusogelea. Hata mimi sikuusogelea, nisije nikaonekana.

Mvua zilipoanza, mizani ikaugua. Asubuhi inasoma sawa. Mchana, kila mkokoteni wa pamba umepungua kilo hamsini! Wakulima walituita wezi mbele ya macho yetu.

Nilikagua viungo vya waya. Nikabadilisha betri. Nikafungua vifuniko vya miguu, nikabandika vitambuzi vipya. Nikasema ni joto, nikafunika miguu kwa magunia mabichi. Hamsini! Jamani, joto halipunguzi hamsini kamili kila siku, fundi yeyote anajua. Nilitafuta kila mahali isipokuwa pale nilipoficha mambo yangu.

Afande aliyesimamia kiwanda akaniita.

“Fundi! Mashini nakula pamba ya serikali?”

“Hapana, afande.”

“Basi nani nakula? Andika!”

Niliogopa. Nikaandika: Mashine ni nzima. Kasoro iko kwenye mkono wa karani. Loo! Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo.

“Ijumaa nakuja ona na macho yangu,” akasema. “Kama ni karani, nakwenda na mimi Rubongi.”

Rubongi ilikuwa kambi ya jeshi. Karani aliyepelekwa kule kuulizwa maswali, nyumbani kwake walianza kulia kabla hajafika. Ofwono aliwapeleka mke na watoto kwa wakwe zake, kisha akarudi kazini na shati safi.

Ijumaa afande akaja saa sita na nusu na kiti chake. Akakiweka pembeni ya jukwaa, halafu akabadili mawazo, akasimama juu ya jukwaa lenyewe.

“Daktari ya jeshi napima mimi. Kilo themanini na nne. Sasa soma!”

“Themanini na nne, afande,” akasema Ofwono dirishani.

“Sawa! Nakaa hapa mpaka mchana kwisha. Nani hatashuka? Mimi!” Akatoa karanga mfukoni, akala amesimama.

Saa saba ikafika. Sindano ikatikisika, ikaanguka.

“Karani! Soma!”

Ofwono akainamia sindano. “Thelathini na nne, afande.”

“Nini?”

“Thelathini na nne.”

Afande akajishika tumbo. Akajishika mapaja. Akaninyoshea mkono. “Fundi, kuja shika hii! Mwili yangu nakwenda wapi?”

“Upo, afande.”

“Iko hapa, lakini kilo nakwenda!” Akaruka chini, karanga zikamwagika, akakimbilia gari huku akipiga kelele: “Si karani! Mashini iko na shetani!”

Nami nikazunguka nyuma mbio. Pale mlangoni Mama Nekesa alikuwa anavuta gunia.

“Mama, hili lilikuwa wapi?”

“Nimelitundika kwenye vile vyuma vya juu. Kuna kulabu nzuri.”

“Chini ya jukwaa? Tangu lini?”

“Tangu mvua ianze. Chini maji yamejaa, vyura wanaruka. Fundi, ulitaka niuze chumvi au mchuzi?”

Mungu wangu! Kila asubuhi niliweka sifuri magunia yakining'inia, na kila saa saba yeye alitoa kilo hamsini. Mashine ilisema kweli. Mwongo alikuwa fundi.

Tulihamisha chumvi siku hiyohiyo. Mizani ikapona, afande akaniita fundi namba moja, nami nikaipokea sifa ile. Ndiyo, niliipokea!

Miezi ikapita ndipo nikamwendea Ofwono, nikamweleza yote.

“Nilijua,” akasema. “Mke wangu alinunua chumvi kwa Nekesa. Ilinuka grisi ya mizani.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ningesema, ungekwenda Rubongi wewe. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe.”

Hakunikaripia. Alinipa kiti, akaagiza chai iletwe kwenye sinia. Zamani niliingia jikoni kwake bila kubisha hodi na kujifunulia sufuria. Tangu siku ile mimi ni Bwana Fundi, mgeni wa sebuleni, nakunywa chai kwenye kikombe cha wageni.

Wewe unayetengeneza mashine, nakusihi: kabla hujaandika jina la mtu kwenye ripoti, fungua kwanza ule mlango ulioufunga wewe. Fungua hata kama umeandika hatari!